Kontra ya miezi mitatu, kazi ya miaka kumi

Ndugu zetu wa kazi, na ninyi wamama munaobakia ku nyumba kungojea bisi irudie, leo tunataka tuzungumuze juu ya karatasi moja. Hatutasema juu ya dinamiti, wala juu ya bei ya shaba mu soko ya London. Tutasema juu ya ile karatasi wanakupatia ku biro ya RH, imeandikwa Kifaransa pande zote mbili, na wanakuambia: "Papa, sinya hapa, na hapa, tena hapa. Fanya mbio, bengine beko nyuma yako." Unasinya, unarudia ku poste. Kisha siku ile kitu kinaharibika, mutoto anagonjwa, mukono unavunjika ao kazi inapunguka, njo unatafuta ile karatasi chini ya kitanda na kuona kama ilikwisha kufa tangu wiki mbili.

Mu hii miezi ya nyuma, watu wanaingia ku biro yetu ya sindika mu Kolwezi na mashauri ya kila namna. Zamani walikuwa wanakuja kwanza juu ya mushahara. Leo wanakuja zaidi juu ya kontra. Wanaweka makaratasi ku meza, moja juu ya ingine, sawa vile mutu anacheza karata, na wanauliza: "Siye tuko nani mu hii kompani?" Ni swali ya haki. Tutajaribu kuijibu.

Tuanze na habari ya ndugu moja. Jina yake hatutaitaja, na ya kompani yake vilevile, maana shauri lake lingali mikononi mwa inspekteri wa kazi. Ni shofere wa benne. Anabeba mawe kutoka chini ya karieri mupaka ku konkaseri. Alianza ile kazi wakati mutoto wake wa kwanza alikuwa mu tumbo, na leo ule mutoto iko mu mwaka wa tano wa masomo ya musingi. Miaka kumi na zaidi, karieri ni ile ile, barabara ya vumbi ni ile ile. Lakini mu makaratasi, ndugu yetu hakufanya miaka kumi. Alifanya miezi mitatu, kisha miezi mitatu, kisha miezi sita, kisha mwezi moja. Waajiri wake walikuwa wane. Kompani ya sutretansi ya kwanza ilienda, ya pili ikachukua nafasi yake, kisha ya tatu, kisha ya ine. Kila mara walibadilisha rangi ya kofia yake na kumupatia matrikule mupya, na kila mara hesabu ya miaka yake ilirudia ku sifuri.

Siku moja wakamuita: "Kontra yako imeisha. Hatukufukuzi, imeisha tu." Ile wiki bibi yake alikuwa anakaribia kuzaa. Alipofika ku kliniki, wakafungua listi na kumuambia: "Mama, jina ya bwana yako haiko tena hapa." Alizaa kwa deni. Mutoto iko muzima, tunamushukuru Mungu. Lakini deni iko nzima vilevile.

"Hatukufukuzi, imeisha tu." Tuchunguze haya maneno matatu, maana ndani yake kuko hesabu yote.

Sheria inasema nini

Sheria ya Kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, haikuandikwa kwa fumbo. Shida ni kwamba wachache njo wanaisoma. Tuikamate polepole.

Kontra ya muda, ile tunaita CDD, iko na mahali pake. Kifungu cha 40 kinakubali mutu aingizwe kwa muda uliopimwa, ao kwa kazi moja inayojulikana, kama vile kujenga hangari, ao kwa kushika nafasi ya mutu aliyegonjwa ao aliyeenda konje. Ile kontra haiwezi kupita miaka mbili. Na kwa mutu aliyeoa anayekaa mbali na jamaa yake, haiwezi kupita mwaka moja. Hii ya mwisho watu mingi hawaijui, hata kama wako mingi sana kati yetu: bibi na watoto wako Likasi ao Lubumbashi, baba iko Fungurume, anarudia nyumbani mara moja mu mwezi.

Kifungu cha 41 kinaenda mbele. Mutu hawezi kufanya na mwajiri moja zaidi ya CDD mbili, wala CDD moja haiwezi kurudiliwa zaidi ya mara moja, isipokuwa kwa kazi za musimu na zingine zilizotajwa. Na kama mwajiri anapita ule mupaka? Sheria haisemi "atapewa onyo." Inasema kama kontra imekuwa ya bila mwisho, CDI, kwa nguvu ya sheria yenyewe. Shefu hana lazima ya kukubali ao kusinya upya. Imekwisha kuwa.

Kifungu cha 42 njo kikubwa kuliko vyote: mutu akiingizwa kwa kazi ya kudumu ya kompani, kontra yake inapashwa kuwa CDI. Wakimuandikia CDD, inahesabiwa kama CDI. Sasa tunauliza: mu karieri inayochimbwa kwa miaka makumi, kuendesha benne si kazi ya kudumu? Kuchomea sodire mu garaji, kulinda pompe ya maji, kupika chakula ya watu elfu ku kantini, ile yote itaisha kisha miezi mitatu?

Hata kwa ndugu wa kazi ya siku kwa siku, wale tunaita zhurnalie, sheria iko na neno. Kama umefanya siku 22 za kazi mu miezi mbili, na wanakuita tena mbele ya ile miezi mbili kuisha, kontra yako mupya inahesabiwa kuwa CDI. Na ule asiyepewa karatasi hata moja? Pa kukosa karatasi, sheria inamuhesabu kwanza kuwa mutu wa CDI mupaka mwajiri aonyeshe kinyume. Kwa hiyo usione haya kama hauna karatasi. Aibu ni ya mwajiri.

Tuseme ukweli wote. Kompani za sutretansi ziko na jibu yao: "Ule mutu hakufanya kontra kumi na siye. Alifanya mbili na siye, mbili na bale ba mbele yetu." Sheria inasema pia kama wakati mwajiri anabadilika, kwa kuuzisha ao kuungana ao kurithi, kontra zinazoendelea zinabaki na mwajiri mupya. Lakini wao wanajua ile vizuri. Wanaacha kontra zote zife siku moja mbele, kisha mupya anaingia asubui na karatasi zake mupya. Kuko tena wale wanaosema: "Siye wenyewe soko yetu na kompani kubwa ni ya mwaka moja, namna gani tupatie mutu kontra ya bila mwisho?" Hatuwezi kuahidi mutu kama atashinda kila mara mbele ya hakimu na mashauri ya namna hii. Lakini kifungu cha 42 hakiulizi jina ya kofia. Kinauliza kazi yenyewe ni ya namna gani. Pale njo tunapashwa kusimama.

Juu ya nini wanapenda miezi mitatu

Wengine wanasema ni ubaya wa roho tu. Hapana. Ni hesabu, na tuifanye pamoja.

Mutu wa CDI akiwa na miaka 10 mu kazi, mwajiri akitaka kumuachisha, inapashwa kwanza kuwe sababu ya kweli. Kisha kuko preavi: siku 14 za kazi, na siku 7 juu ya kila mwaka muzima. Miaka 10 mara 7 ni 70. Uongeze 14, ni siku 84 za kazi. Ni zaidi ya miezi mitatu ya mushahara, mutu anatafuta kazi ingine bila watoto kulala njaa. Na kama sababu haikuwa ya kweli, hakimu anaweza kumulipisha mwajiri mupaka mishahara ya miezi 36. Konje nayo inapanda kidogo na miaka ya kazi. Na mupaka kontra iishe, mwajiri anabeba matunzo ya munganga kwa mutumishi na jamaa yake.

Sasa weka ule mutu mu kontra ya miezi mitatu. Siku ya mwisho, preavi ni sifuri. Kuonyesha sababu, hakuna. Miaka ya kazi, hakuna. Mu kliniki, jina inatoka mu listi ile ile usiku. Ukihesabu vile juu ya watu elfu moja, utaona juu ya nini biro ya RH inapenda karatasi fupi.

Lakini kuko faida ingine haiandikwe mu vitabu vya hesabu, na kwetu njo ya kwanza: woga. Mutu wa miezi mitatu hasemi. Freni ya benne ikiwa mubovu, anaendesha. Wakimuambia abakie saa zingine mbili, anabakia. Mukubwa wake akimutukana, anatazama chini. Anajua kama hakuna mutu atamufukuza, watamusahau tu. Tulizika ndugu ambao wenzao walituambia kisha: "Tulijua ile mashini haikuwa muzuri, lakini kontra zetu zilikuwa karibu kuisha." Kontra fupi ni shauri ya mushahara, na ni shauri ya uhai.

Mu mwezi wa kumi na moja 2021, shirika RAID la Uingereza pamoja na CAJJ la hapa kwetu Kolwezi walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya cobalt. Walikuta kama karibu 57% ya wafanyakazi walikuwa wameingizwa kwa njia ya sutretansi. Ni zaidi ya nusu. Ni kusema, mu bisi ya watu 60, zaidi ya 30 hawatumikie kompani ile jina yake imeandikwa ku mulango.

Mu 2017 bunge lilitoa sheria namba 17/001 juu ya sutretansi, na serikali ikaweka ARSP kuisimamia. Nia ilikuwa muzuri: masoko ya kompani kubwa yaende kwa Wakongomani wenye kompani. Hatupingi. Lakini ile sheria inaangalia zaidi mwenye kompani ni nani. Yule anayetoka jasho ndani yake haimuangalii sana. Tunajua sutretansi ya kweli: inakuja na mashini yake, ufundi wake, mashefu wake, inafanya kazi fulani na kuimaliza. Na tunajua ile ya uongo: inakuja na biro moja, kompyuta moja, na listi ya majina. Benne ni ya kompani kubwa, shefu ni wa kompani kubwa, poste inapangwa na kompani kubwa. Wa sutretansi anafanya kitu kimoja tu: anakata mushahara yako njiani.

Saa kumi na mbili mu siku

Mambo ya kontra na mambo ya saa ni ndugu wa tumbo moja.

Kifungu cha 119 kinasema saa 45 mu wiki, saa 9 mu siku. Hesabu inaanza wakati uko pa kazi, tayari kwa amri ya mwajiri. Safari ya bisi haimo, isipokuwa kama ile safari ni sehemu ya kazi yenyewe. Kuko njia za kutoka ku ile saa 9 kwa kazi za zamu, ndiyo, lakini ziko na masharti yake, na saa zinazopita ku ile ya sheria zinalipwa zaidi: 30% juu ya saa 6 za kwanza mu wiki, 60% juu ya zile zinazofuata, na 100% kwa siku ya mapumuziko.

Mu migodi yetu, poste ya saa 12 imekuwa desturi. Kwa yenyewe, si kila mara ni wizi. Kuko mahali wanafanya muchana mbili, usiku mbili, kisha siku ine za kupumuzika. Ukihesabu, ni saa 48 mu siku 8, sawa na saa 42 mu wiki. Mutu anachoka, lakini anaona watoto wake. Kuko mahali pengine, zaidi sana ku sutretansi, ambapo ni saa 12 mara siku 6. Ile ni saa 72. Ondoa 45, inabakia 27.

Tuseme saa moja inalipwa 2.000 FC. Saa 6 za kwanza, pamoja na 30%, ni 15.600 FC. Saa 21 zinazobakia, pamoja na 60%, ni 67.200 FC. Jumla ni 82.800 FC mu wiki moja, juu ya 90.000 FC za saa 45 za kawaida. Ni kusema, mutu asiyelipwa saa za zaidi anaacha ku mulango wa kompani karibu nusu ya jasho yake, wiki kwa wiki. Angalia fishi yako ya mushahara. Kama ile laini ya saa za zaidi haiko, ama iko na sifuri, ujue kama kuko mutu anakula pa nafasi ya watoto wako.

Na usiku? Sheria inaita usiku kuanzia saa 19 mupaka saa 5. Mutu wa poste ya usiku anatoka ku nyumba jua likingali, anarudia jua likiisha kupanda. Mingi wao wako na saa 12 ku karieri na saa mbili ao tatu mu bisi, kwenda na kurudi. Wanabakia na saa 9 ao 10 za kulala, kula, kuoga, na kuwa baba. Wamama wanaijua hii hesabu kuliko sisi: mutoto anauliza kama papa aliendaka safari, na papa iko analala mu chumba ya pili.

Mu 2025 serikali ilipandisha SMIG. Ile ya 2018 ilikuwa 7.075 FC ku siku; ikawekwa 14.500 FC, kisha 21.500 FC kuanzia mwezi wa kwanza 2026. Ni hatua muzuri. Lakini mushahara ya siku inasaidia nini kama hesabu ya siku iko mu mukono wa mutu mwengine? Ukipata 21.500 FC leo na kesho kontra inakufa, umepandishwa ngazi ambayo chini yake hakuna kitu.

Cobalt, kota, na muzigo wa nani

Sasa kuko maneno mupya mu midomo ya mashefu: "Kota." Tarehe 22 mwezi wa pili 2025, serikali ilisimamisha kuuzisha cobalt inje ya nchi kwa miezi mine, juu bei ilikuwa imeanguka sana. Ikaongeza tena miezi mitatu. Tangu tarehe 16 mwezi wa kumi 2025, ikaweka kota: tani 18.125 kwa miezi iliyobakia ya ule mwaka, na tani 96.600 kwa mwaka mu 2026 na 2027.

Sisi hatusemi kama serikali ilikosa. Cobalt ni ya nchi, na kuiuzisha kwa bei ya muhogo haikuwa akili. Lakini tunauliza: ule muzigo, nani anaubeba? Mu migodi yetu mingi, shaba na cobalt zinatoka mu jiwe moja. Shaba haikusimamishwa. Nchi yetu inatoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba kwa mwaka, ni ya pili mu dunia. Benne ya ndugu yetu ilikuwa inabeba lile jiwe la shaba. Mawe hayakusimama, konkaseri haikusimama. Mutu wa kontra fupi tu njo alisimama.

Kama kwa kweli kazi imepunguka, sheria iko na njia yake. Mwajiri anayeachisha watu juu ya kupunguka kwa kazi anapashwa kuijulisha delegasio ya sindika kwa barua, kusikiliza mawazo yake, na kufuata mupango: ufundi wa kila mutu, miaka yake ya kazi, na watoto anaowalisha. Ile njia ni ndefu na inaonekana na watu wote. Juu ya ile wanapenda njia ya panya: kuacha karatasi zife zenyewe, mbili leo, kumi kesho, mupaka hakuna mutu anaona kama watu mia wamekwisha kwenda.

Tulipotoka

Wazee wetu walipita mu haya mambo. Union Minière ilizaliwa mu 1906. Mu ile miaka ya kwanza watu waliletwa na biro ya kutafuta watumishi, ile Bourse du Travail du Katanga, kwa kontra fupi fupi. Walikuja, walitumika, waligonjwa, walirudia kwao ao walikufa, na wengine waliletwa. Mu 1928 kompani ilibadilisha: kontra ya miaka mitatu, na mutu aje na bibi yake. Haikuwa upendo. Waliona kama mutu anayekuja na kwenda anawapotezea makuta, hajui kazi, anakufa mbio. Jamaa iliyotulia ilitoa shaba mingi.

Wala hatusemi kama ile ilikuwa paradizo. Mu mwezi wa kumi na mbili 1941, watumishi walipogoma mu Elisabethville, Lubumbashi ya leo, juu ya mushahara, walipigwa risasi ku kiwanja cha mupira. Kisha ikaja Gécamines mu 1967, na watu wakasema kazi njo baba, kazi njo mama: nyumba, lopitali, masomo, mufuko wa unga. Ule baba aligonjwa mbele ya macho yetu. Mu 2003 zaidi ya watumishi elfu 10 walitoka mu ile operasio ya kuacha kazi "kwa mapenzi", na mingi walikuwa wamekaa miezi mingi bila mushahara. Sisi wenye kuandika ni watoto wa wale watu. Tuliona baba zetu wakiuzisha viti vya nyumba.

Hatuombi Gécamines ya zamani irudie. Tunaona tu kama kisha miaka mia moja, tumerudia ku biro ya kutafuta watumishi na kontra fupi fupi. Tofauti ni kwamba leo mutu anasinya na stilo.

Kosa yetu sisi

Tusipojisema sisi wenyewe, tutakuwa waongo. Sindika zetu zilijengwa na watu wa CDI. Madelege walichaguliwa na watu wa CDI, wakaingia mu mazungumuzo ya konvensio kolektive kwa ajili ya watu wa CDI. Walipopata primi ya poste ao mufuko wa unga, ndugu wa sutretansi alikuwa anaangalia tu, ku meza ya pili mu kantini, na wakati mwengine hana ruhusa ya kuingia mu ile kantini. Kuko hata wakati tulisema: "Bale haiko ba kwetu, baende kwa mwajiri wao."

Ile ilikuwa kosa, na kompani ziliipenda sana. Kila mutu wa CDI aliyezeeka na kutoka, wawili wa miezi mitatu waliingia pa nafasi yake. Leo mu mahali fulani, madelege wanasema kwa jina ya watu wachache, na mashefu wanajua. Mutu wa kontra fupi anaogopa kuweka jina yake mu uchaguzi wa sindika, na tunamuelewa. Basi ni sisi wenye kontra ndefu tunapashwa kubeba shauri lake, maana ni ukuta wetu wenyewe njo unaanguka.

Tufanye nini

Kwanza, usisinye mbio. Omba usome, omba kopi. Kontra iliyoandikwa inapashwa kupata visa ya ONEM. Uliza kama iko. Angalia neno la majaribio vilevile: inapashwa kuwa mu maandishi, na haiwezi kupita mwezi moja kwa mutu asiye na ufundi, miezi sita kwa wengine. Wakikulazimisha, andika kando ya sinyatire yako maneno haya mawili: "sous réserve."

Pili, chunga makaratasi yote. Wamama, hapa tunawaomba ninyi, maana wanaume tunapoteza. Tafuta sanduku moja. Weka kontra zote hata zilizokufa, fishi za mushahara, baji za zamani, karatasi za kliniki. Piga foto na telefone, utume kwa ndugu wa Lubumbashi. Ndugu yetu wa benne, kesi yake iko na nguvu leo juu bibi yake alichunga baji ine za rangi ine mu sanduku la nguo za mutoto.

Tatu, andika saa zako mu kaye ndogo, kila siku: saa ya kuingia, saa ya kutoka, namba ya mashini. Mwajiri iko na pwentaji yake. Wewe pia uwe na ya kwako.

Ine, uliza ku CNSS kama jina yako iko, na kama kweli wanalipa. Makato yanaonekana mu fishi, lakini si kila mara yanafika.

Tano, usingojee. Sheria inaweka mupaka wa wakati kwa kudai, na kwa mushahara ule wakati ni mufupi. Ona delege, kisha inspekteri wa kazi. Bila kupita kwanza kwa inspekteri kujaribu kupatana, Tribunal ya Kazi haitapokea shauri lako. Nenda na wenzako. Mutu moja ni shida yake; watu kumi wenye kontra za namna moja ni ushahidi.

Na kwa sisi wa sindika, mu mazungumuzo ya konvensio yanayokuja, tuweke ku meza mambo mawili mbele ya primi yoyote. La kwanza, listi ya kazi za kudumu za kila mugodi, imeandikwa wazi, na kila kazi iliyo mu ile listi iwe ya CDI, ofia iwe ya rangi gani. La pili, wakati kompani ya sutretansi inabadilishwa, watu wabakie na miaka yao iende nao kwa mupya. Hatudai sheria mupya. Tunadai ile ya 2002 iishi.

Wiki iliyopita ndugu yetu alirudia ku biro yetu. Inspekteri amekwisha kuita pande zote mbili. Alikuja na mutoto mu mikono, bibi yake nyuma na lile sanduku ku kichwa. Tulimuuliza kama anaogopa. Akajibu: "Niliogopa miaka kumi, na kontra ikaisha paka vile." Tuliandika namba ya faili yake, na tukaita ule aliyekuwa anafuata. Naye alikuwa na baji tatu.